Pengine

Usiku wa kwanza nilisikia kiganja chake ukutani
kikipapasa juu, chini, kando ya mlango,
kikitafuta swichi ya nyumba nyingine.
Sikujua ni ipi. Ya Kangemi?
Au ile ya Huruma, alikokaa majuma matatu
mpaka wenyewe wakahamia Eldoret?
Nikasema, "Nduku, ya hapa iko nyuma ya kabati,
fundi alikosea."
Akanyamaza. Akarudi kulala na mkojo wake.
Asubuhi nilianika godoro, sikumuuliza neno.

Nyumba yangu ni ya tano. Ana miaka minane.
Faili lake ni nene kuliko Biblia yangu,
na ndani yake, karatasi baada ya karatasi,
watu wazima wameandika kwa mwandiko mzuri
kwamba walijaribu.

Afisa wa watoto, Bwana Lokwawi, mtu mpole,
alimaliza chai akaniambia,
"Mama Nekesa, ukilemewa usione haya.
Tupigie. Tutamtafutia pengine."
Alisema kwa wema kabisa.
Lakini mtoto alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni,
na neno lile lilimfikia kabla sijalijibu.

Pengine.
Sisi wengine tunalitumia bila kulitazama:
leo ni labda, kesho ni mahali kwingine.
Kwa Nduku halijawahi kuwa mawili.
Kila aliyemwambia pengine utakaa
alimpeleka pengine.

Nimeshona nguo za watu hapa Uthiru miaka thelathini.
Nakijua kitambaa kilichofumuliwa mara nyingi.
Uzi unatoka, matundu yanabaki,
na ukikishona tena palepale
hakichaniki kwa hasira,
kinaachia tu.

Sitajifanya malaika.
Mwezi wa pili alilikata pazia la sebuleni
kwa mkasi wangu wa kazi,
kisha akakaa sakafuni, viatu mguuni, begi mgongoni,
akisubiri.
Nilichukua simu. Nikalitafuta jina la Lokwawi,
kidole kikafika, kikatua hapo.
Ndipo nikaona yale makato:
yamenyooka, yamefuata uzi wa kitambaa,
makato ya mtu aliyekuwa akinitazama kazini
siku zote nilizodhani anatazama dirisha.
Nikaiweka simu juu ya kabati.
"Vua viatu, ushike upande ule.
Hapa tunapata foronya nne."
Tulipata tatu.

Agosti kodi ikapanda.
Kinoo kulikuwa na chumba, nafuu, maji kila siku.
Nilikwenda kukiona, na nilikipenda, sikatai.
Lakini ukivuka kule ni kaunti nyingine,
shule nyingine, afisa mwingine,
faili linafunguliwa upya ukurasa wa kwanza.
Nikaiuza cherehani ya marehemu Wafula,
nikalipa hapahapa.
Mama Wairuri wa chumba cha pili akaniita mjinga.
Ningemwelezaje
kwamba kuna mtu anajifunza ukuta?

Bado anauliza kila usiku, "Kesho nitakuwa wapi?"
kama watoto wengine wanavyouliza kuna nini cha kula.
Mwanzoni nilimjibu kwa hotuba ndefu,
upendo, Mungu, milele. Hakuamini hata herufi.
Siku hizi namwambia,
"Kesho ni Jumanne. Jumanne ni maharagwe."
Anageukia ukuta. Analala.

Jana stima ilipotea mtaa mzima.
Nikiwa bado natafuta kibiriti chini ya mto
nikasikia miguu mitupu ikipita,
bila kugonga stuli, bila kugonga ndoo,
mpaka nyuma ya kabati.
Tak. Tak. Tak.
"Haiwaki!" akafoka gizani,
kama mwenye nyumba.