Upepo wa Baa Moja

Blaenau Ffestiniog, Januari. Maji meusi ndooni,
geji imelala sifuri.
Eluned kapiga magoti mbele ya tangi jekundu,
kabonyeza kipini cha vali kwa ukucha.
Yakitoka maji, mpira wa ndani umepasuka.

Hayakutoka. Pumzi tu, hafifu, yenye kunuka kutu.

Ukutani, kwa penseli, mwandiko wa Idwal:
"Maji yakipata moto hutanuka. Yaachie nafasi.
Upepo baa moja, usizidishe."
Alipokuwa hai hakumwambia mengi hivyo kwa mkupuo.

Akaikamata pampu ya baiskeli ya marehemu,
akahesabu kwa Kiwelisi hadi mkono ukafa ganzi.
Akafungulia maji.

Juu, bomba likakohoa
upande wa kitanda asioutandika bado.