Kuhalifu

Kidato cha Pili B, Newala, kipindi cha nne.
Upepo unapanda kutoka bondeni na vumbi la salfa,
unaingia kwa dirisha lisilo kioo,
nami naandika ubaoni: HALIFU.
Chaki imebaki ukubwa wa jino.

Kuhalifu, nasema, ni kwenda kinyume:
cha amri, cha sheria, cha ahadi.
Humo ndimo alimozaliwa mhalifu,
yule mnayemsikia redioni akisakwa.
Lakini kabla hajaiba hata kuku
alikuwa mtu aliyesema "nitakuja", akakaa.

Kisha sarufi. Penda, sipendi. Lipa, silipi.
Halifu?
Darasa zima: "Sihalifi!"
Hapana. Sihalifu.
Ukubali, ukatae, mwishoni ni u ileile.
Kitenzi cha kuvunja ahadi
ndicho kisichogeuza mwisho wake.
Wakanakili. Hakucheka mtu. Niliitunga njiani, nikidhani watacheka.

Nikaomba sentensi.
Chilumba akasimama kabla sijamtaja:
"Chama cha msingi kimehalifu ahadi ya malipo ya pili."
Madawati yakapigwa makofi.
Hayo malipo hata mimi nayadai, kilo mia mbili na kumi.

Akanyoosha mkono Zamoyoni Nampoto,
anayekaa nyuma kabisa, penye madumu ya maji:
"Baba alihalifu mikorosho kumi na saba
na deni la bati."

Nikainua kalamu nyekundu.
Mikorosho haihalifiwi, nikataka kusema, mikorosho haikuahidiwa kitu,
na deni ni deni.
Kalamu ikagoma hewani.
Ipo maana ya pili, ya zamani, iliyolala chini ya ile ya kwanza:
kuhalifu, kuacha mali ukifa.
Tulimzika Mfaume Nampoto mwezi wa mfungo.
Aliapa nyumba itaezekwa kabla ya masika;
masika yamepita juu ya makuti yaleyale,
na bati ishirini zingali dukani, zimeandikwa jina lake kwa mkaa.

Sasa nani aniambie
sentensi ile ilikuwa ya maana ipi.
Nilimtazama. Alikuwa akifuta kifutio kwenye sketi.

"Mwalimu, kwenye kamusi imeandikwaje?"

Kamusi.
Mwezi wa kwanza nilisimama hapahapa, mkono kifuani:
nikishuka Mtwara nitarudi na kamusi kumi.
Nimeshuka Mtwara mara nne.
Nimerudi na soli za viatu, na pweza mkavu,
na betri ya redio
inayonisomea wahalifu kila saa mbili usiku.

"Basi, mwalimu, tupe mfano wa nafsi ya kwanza."

Nje, rimu ya lori inayotumika kengele ilikuwa kimya.
Nikaokota kile kijino cha chaki,
nikaandika: Nimehalifu.

Wakanakili wote, kwa mwandiko safi,
wakapiga mstari chini kwa rula.