Fremu Nne za Mwisho

Filamu ilikuwa na picha thelathini na sita.
Thelathini na mbili za biarusi, nimeshalipwa.
Nne zilikuwa zangu. Sikumwambia mtu.

Mimi peke yangu niliruhusiwa na kamera ndani,
mwanamke kati ya wanawake, Yashika shingoni,
udi ukiingia mpaka kwenye lenzi.
Nikitoka usiku wa manane, miguu ikiwaka,
nilipita Langoni kwa nyuma, penye ghala la chumvi,
na pale nikawakuta.

Shekuwe alileta kaseti kutoka Mombasa,
imerekodiwa juu ya matangazo ya vifo,
basi kila wimbo ukikatika
sauti ya mtangazaji ilichomoza,
ikamtaja marehemu wa watu, ikazama.
Betri walizianika juani kama ng'onda
wapate wimbo mmoja zaidi.
Kale alizunguka kwa kichwa juu ya boksi la friji
mpaka kofia yake ya vito ikaongeza matundu
ambayo mamake hakuyashona.
Wakifoka, walifoka Kiamu, mbiombio,
kama watu wanaodaiana.

Na ukutani neno moja: PAKA.
Rangi ya kupuliza, ya magari,
katika mji usio na magari.

Diwani alidhani ni malalamiko kuhusu paka wa sokoni,
akaunda kamati.
Mwalimu wa chuo alisema hapana, hiyo ni amri,
ila haisemi kipakwe nini.
Vijana wakaapa hawamjui mwandishi.
Waliapa kweli. Kila mmoja alimshuku mwenzake.

Mimi nilizitazama herufi.
Mguu wa K ulijikunja ukawa jani,
jani likashika korosho,
korosho ikarudi nyuma, ikalala tumboni mwa A.
Mkunjo ule nilikuwa nimeupiga picha jioni ileile,
kwenye kifundo cha mguu wa biarusi.

Nilivizia Ijumaa mbili. Ya tatu akaja,
kikapu mkononi, kopo chini ya majani ya hina.
Barke. Mpakaji wa harusi zangu zote,
yule anayenyamaza wenzake wakipiga vigelegele.
Hakushtuka.
"Pija mkono," akasema. "Usinipije uso."

Thelathini na tatu: kidole juu ya kichwa cha kopo.
Thelathini na nne: rangi iko hewani, haijawa neno.
Thelathini na tano: Kale miguu juu,
anadhani ninampiga yeye.
Ya mwisho nilitikisika. Ni ukungu na sikio la mtu.

Kule Mombasa msafishaji hakuzichapa.
Aliandika kwenye bahasha: Makosa manne, sikukutoza.
Kwa hiyo nina negativu tu,
chokaa imegeuka kiza,
neno linawaka rangi ya machungwa.
Ukuta wenyewe ulipakwa upya kabla ya Maulidi.
Walipaka, kama walivyoamriwa.

Juzi kaja kijana na simu yake,
anakusanya mambo ya zamani.
Akaziinua negativu dirishani, jicho moja kalifumba.
"Huyu jamaa alikuwa nani?"

Jamaa.

Nikamwambia flashi ilinitia kiwi.
Nikammiminia kahawa, akala na halua, akaenda zake.

Angetaka kujua, angepanda Mkomani
kwa mama wa biarusi yule.
Sebuleni, fremu ya dhahabu, picha ya kumi na mbili:
mkono umelazwa juu ya mto, unakauka,
na pembeni, mahali ningeweza kukata nisikate,
kidole gumba cha mpakaji.

Miaka thelathini wageni wanaisifu piko ile.
Hajatokea mmoja wa kuuliza
ni piko gani ya buluu.