Ua Usio na Ua

Nyuma ya tanuri ninayoiwasha saa nane usiku,
hapa Gent, mtaa wa wafuma kitani wa zamani,
kuna ua wangu: hatua tisa kwa sita,
kuta nne, ghorofa nne kila ukuta,
na anga juu, kama sufuria
iliyofunikwa nusu.

Ua usio na ua.
Baiskeli mbili za wapangaji waliohama,
jokofu lililolala kifudifudi,
harufu ya tambara la deki.

Mwaka wa kwanza nilipanda mawaridi.
Kibandiko kilisema: jua, saa sita kwa siku.
Nikajisemea, yatazoea. Mimi si nimezoea kulala mchana?
Hayakuzoea. Yalirefuka kama watoto wanaochungulia dirishani,
yakakonda, yakaota ukungu mweupe,
nikayang'oa Oktoba bila kumwambia mtu.

Mwaka wa pili sikupanda kitu.
Nilinunua chaki.
Nikitoka kazini, unga ungali kwenye nyusi,
niliketi juu ya ndoo nikilifuata jua sakafuni,
nikichora ukingo wake kila lilipojongea:
mstari, mstari, mstari,
mvua ikafuta, nikaanza tena.
Jibu la Juni: dakika arobaini na tatu,
pembeni, penye bomba la maji machafu.
Jibu la Machi: hakuna.

Basi. Mwenye unga wa shayiri
asiukande huku akililia ngano.
Nikaacha kulidai jua,
nikauliza kivuli kinapenda nini.

Kivuli kinapenda kangaga.
Kinapenda majani mapana kama sinia,
yanayolala na maji hadi asubuhi.
Konokono wasio na nyumba wanayapenda pia;
niliwaokota kwa tochi, mmoja mmoja,
nikiwatukana kwa upole.
Kinapenda chokaa ukutani. Kinapenda matofali makuukuu.
Na siku ya takataka kubwa nikaokota barabarani
mlango wa kabati wenye kioo,
nikauegemeza penye bomba,
ua ukapata ua mwingine ndani yake.

Dakika zangu arobaini na tatu zikaruka juu,
zikampiga machoni Bi Nurhan wa ghorofa ya tatu
akiosha vyombo.
Alishuka na glavu za mpira mikononi.
"Miaka kumi na minane," alisema,
"sijui kuna nini nyuma ya mlango huu.
Na leo unanipofusha."
Nikaomba radhi, nikashika kioo nikiondoe.
Akatazama juu, dirishani kwake,
muda mrefu.
"La. Kishushe tu, kidole kimoja."

Kesho yake nilimweleza kwamba matofali yanataka kuvumwani,
na kuvumwani hupenda uchachu.
Alicheka hadi akaushika ukuta.
Kisha akarudi na ndoo ya mtindi,
tukapaka kwa brashi yangu ya kupakia mikate yai,
yeye upande wake, mimi upande wangu.

Sasa ni Septemba. Viti viwili, havifanani.
Chai kwenye bilauri ndogo, mkate wa jana.
Kijani kimeshika upande mmoja tu wa matofali,
wake, na hakosi kunikumbusha.
Fuksia ina tumba moja, bado limefumba.

Jua liliacha kufika humu
siku fulani ya Agosti.
Sikuchora mstari.
Nilikuwa nakata mkate.