Mizani Saba

Saa nne na dakika kumi usiku, baada ya bei za mahindi,
Nasimiyu akasoma shairi la Zipora wa Kayole.
Karatasi ya daftari la hesabu, wino wa kijani,
vina vimekaa vyema, hadi mshororo wa tatu:
"Mama hakuja jana."

Simu ikawaka.
Mwakio, mlinzi wa ghala, Lunga Lunga.
"Dada, shairi tamu, ila hapo pana shimo.
Hesabu mwenyewe: ma-ma-ha-ku-ja-ja-na. Saba.
Mwambie binti aandike 'hakurudi', zitimie nane."

Nikamwona kupitia kioo akihesabu kwa vidole,
midomo inakwenda, sauti hakuna.

Kimya hewani ni kosa.
Sekunde tatu, fundi mitambo afungulie muziki:
kanuni imebandikwa juu ya kichwa changu tangu enzi za kanda.
Kidole kilikuwa juu ya kitufe.
Nne. Tano.
Sikubonyeza.

Ndipo ujumbe ukaingia, namba ya Zipora:
"Mwambieni mzee neno hilo nalijua.
Nimelikwepa."

Nasimiyu akausoma mara moja, polepole.
Kule Lunga Lunga tukasikia pumzi,
mbwa, geti la bati likigongwa na upepo.
"Basi," akasema Mwakio. "Basi, dada. Uacheni na saba zake."

Nikaleta gitaa la zilipendwa, chini chini.

Jumatatu nikapewa fomu: kimya, sekunde sita, eleza.
Nafasi yenyewe mstari mmoja tu.
Nikaandika:
Mama hakuja jana.