Mlango wa Pili

Mashine husimama mlangoni pa duka,
pale chenji ya maziwa ingali na joto la kiganja.
Raili anaijua kwa sauti,
kama mama ajuavyo kikohozi cha mwanawe.

Novemba imemeza kodi ya nyumba.
Imemeza pete, na viatu vya Onni vya kuteleza barafuni.
Alimwambia vimepotea,
mtoto akavitafuta siku mbili, hadi chini ya kitanda.

Leo amempigia dada yake simu. Kimya kirefu, kisha:
"Njoo uchukue kadi yangu ya benki.
Usinirudishie, hata nikilia."
Kule, mwiko umeacha kugonga sufuria.
"Nakuja."

Sasa ana noti moja na orodha: mkate, maziwa, mishumaa.
Ameingia kwa mlango wa pili, penye baiskeli,
ameizunguka barafu yote ya uwanjani.
Mashine inaimba.
Mguu wa kulia unaijua njia, unavuta.

Chenji: sarafu tatu.
Anazitia ndani ya glavu, zinamgandisha vidole,
anahesabu hatua kwa sauti, watu wakimtazama,
kumi na moja, kumi na mbili,
nje.

Kesho duka litafunguliwa saa moja asubuhi.