Kinyesi cha Saa Kumi

Ndahani, fundi cherehani wa Kongwa,
alikuja Ijumaa na kinyesi cha chiriku
amekifunga kwenye karatasi ya kukatia suruali.
"Walikuwa kumi na wawili," akasema, "sasa tisa,
na hao tisa wamenyamaza.
Wewe umewahi kusikia chiriku kanyamaza?"

Sikuwahi.
Nikakoroga chumvi majini mpaka ikakataa kuyeyuka
(maji ya kisima chetu huja nusu ya kazi yameshaifanya),
nikachuja kwa chujio la chai, nikafunika kwa kigae cha kioo,
nikangoja yanayoelea yaelee.
Umeme ulikuwa umekwenda. Kioo cha hadubini
nikakigeuzia dirishani kiombe jua.
Maganda ya uwele. Unyoya. Basi.
"Wazima," nikaandika, tena kwa wino.

Jumatatu akarudi. Wamebaki saba.
Mmoja alikuwa mfukoni mwa shati, hai bado,
kajitutumua kana kwamba baridi yote ya Julai ni yake.
Nikamgusa kidari: kisu.
Nikapuliza manyoya ya tumbo, yakaachana,
na chini ya ngozi nyembamba kuliko ganda la kitunguu
utumbo umevimba, mwekundu, kama uzi uliolowa.

"Kile ulikiokota saa ngapi?"
"Alfajiri, nikifagia."

Hapo nikajiona mjinga.
Kuna vimelea vinavyojua saa.
Asubuhi hulalia siri yao,
jua likianza kuegemea ndipo huachia mayai.
Nikamkalisha Ndahani kwenye benchi,
ndege ndani ya boksi la viatu, karatasi safi chini yake,
tukangoja saa kumi
kama watu wanaongoja karani arudi na muhuri.

Saa kumi na dakika chache, tone.
Ndani ya tone, umati.

Mengine tukayaweka kisahanini siku mbili, yapate hewa,
na kila yai likajigawa mawili ndani ya ganda lake.
Ndahani akainama, jicho moja kafumba
kama anatia uzi sindanoni.
Akakaa hivyo muda mrefu.
"Vifungo," akasema. "Vya matundu mawili."

Nikampa dawa ya salfa. Nikamwambia sakafu ya kizimba iwe kavu,
matambara yachomwe, bakuli la maji lisikae chini ya kitulio.

Neno langu la Ijumaa sikulifuta,
nimelipiga mstari mmoja, lisomeke.
Wale wawili waliokufa kabla ya Jumatatu
yeye hakuwataja.
Ninawataja mimi.